Kuota si Kuiva

Juu ya jokofu lisilogandisha, hapa Keko Machungwa,
kuna bakuli la bati limefunikwa kipande cha kanga
kilichobakiwa na neno moja tu la msemo wake: SUBIRA.
Chini yake choroko zimelala siku mbili,
na leo asubuhi zimetoa mikia
myeupe, imejikunja kama mkato
katika barua ya mtu asiyejua kumaliza.

Kibwana anazitazama kwa mbali.
Hajazisamehe, ingawa hazikumkosea.

Maana hakuanza na choroko, mume wangu.
Alianza na maharage, yale mekundu,
kwa kuwa kinyozini aliambiwa
kilichochipua ki hai, na kilicho hai hakipikwi.
Akaloweka. Yakaota.
Akayatafuna konzi mbili, wima, jikoni,
kru, kru, kama mbuzi aliyevunja ua,
akaniambia, "Mwajabu, dawa haihitaji moto."

Haikutimia saa tatu
akawa ameikumbatia ndoo.
Usiku ule nilizijua sauti zake zote,
hata zile alizonificha miaka thelathini.
Bajaji mpaka Temeke, yeye amejikunja
kama mkia wa choroko.
Nesi, binti mwembamba, kalamu nyuma ya sikio,
hakuuliza mengi.
"Mekundu? Mabichi?"
Akatundika dripu.
"Baba, kuota si kuiva.
Haragwe jekundu hata likiwa na mkia sumu yake imo.
Loweka, mwaga maji, kisha lichemke,
lichemke kwelikweli, povu lipande.
Vuguvugu halisaidii kitu."

Kuota si kuiva.
Nimemtumia mdogo wangu neno hilo
siku aliyotangaza anaoa.

Choroko ni wapole zaidi, lakini siziamini kipofu.
Joto la Februari katika mji huu
halichagui wa kumlea:
hulea choroko, hulea na visivyoonekana.
Basi nanawa mikono kama naingia kwenye swala.
Maji nayachemsha, nayapooza.
Asubuhi nasuuza, mchana nasuuza, usiku pia,
hata umeme ukikatika nasuuza kwa tochi,
nakung'uta chujio mpaka tone la mwisho,
kwani maji yanayolala chini ndiyo yanayooza.
Halafu nanusa.
Zikinuka shamba lililonyeshewa, sawa.
Zikinuka soksi, zikiteleza kama bamia,
jalalani, bila matanga.
Na zile ngumu zilizogoma kuota
nazichambua moja moja; jino langu la kushoto
lina historia nazo.

Za Nasra natumbukiza kwenye maji yanayotokota.
Mimba ina miezi saba.
"Mama, za kwako mbichi, zangu zimelegea?"
Namwambia wewe una mgeni,
na mgeni hajaulizwa anachopenda.

Sasa tumbo. Nilizungumzie langu, nisiseme la mtu.
Miaka mingi lilinguruma kwenye kikao cha vikoba
kama lori linalopanda gia Barabara ya Kilwa,
mweka hazina akanyamaza, akahesabu upya.
Nilianza na konzi moja, si zaidi,
ndimu, chumvi, karoti ya kukwaruza.
Siku ya kwanza likauliza: nani huyu?
Siku ya nne likajaa upepo, nikalala peke yangu.
Wiki ya tatu likapoa.
Halijawa kimya. Siwezi kuapa.
Lakini choo kinakuja kwa wakati wake,
na kikao kinaendelea.

Leo Kibwana amesogea.
Nyuma yangu sufuria ya maharage yake
inatokota tangu alfajiri, kifuniko kinacheza.
Amechukua choroko moja. Moja.
Ameinyanyua mkia juu, dirishani, kwenye mwanga.
"Hii ni choroko?"
"Choroko."
"Una hakika?"
"Nimeziotesha mwenyewe."

Ametafuna taratibu, mkono juu ya kitovu.
Tukakaa wawili, hatusemi,
tunasikiliza.